Kabla ya kununua apatimenti ya kuishi, uliza nani analala humo na nani anapiga kura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wasomaji wanaofikiria kununua apatimenti hapa Mwanza kwa ajili ya kuishi na familia zao, si kwa ajili ya kupangisha. Mimi ni mmoja wa wamiliki wachache wanaoishi katika jengo ambalo wenzangu wengi ni wawekezaji, na humo nimeshuhudia mambo mazuri na mabaya ambayo sikuyasikia kwa dalali wala kuyakuta katika kijitabu cha mauzo. Ninachotaka kusema ni kwamba wingi wa wawekezaji peke yake hauharibu jengo, lakini unabadilisha nani anaamua na nani anabeba matokeo ya uamuzi. Mnunuzi asiyelichunguza hilo kabla ya kulipa anaweza kujikuta ana hati mkononi lakini hana sauti katika nyumba yake mwenyewe.

Wengi wetu tumekulia katika nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja chake, yenye uzio wake na simtanki lake, iwe Igoma, Nyakato, Buswelu au Buhongwa. Ghorofa tulizozijua zilikuwa za kupanga, ambamo mwenye nyumba ni mmoja na lawama zote ni zake. Sasa jengo moja linauzwa kwa watu ishirini au arobaini wasiojuana, na mambo yanayovutia biashara hiyo ni mengi: vilima vya mawe vimebana viwanja vya karibu na katikati ya mji, Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kurahisisha safari za Sengerema na Geita, na reli ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza inajengwa. Mwenye fedha aliyeko Dar es Salaam, Kahama au ughaibuni anayatazama hayo yote na kuona kodi ya pango ya miaka ijayo. Hana kosa lolote katika hilo, ila mimi na yeye, ingawa tumelipia jengo moja, hatukununua kwa haja moja.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ndiyo inayomwezesha Mtanzania kupata hati ya sehemu yake ndani ya ghorofa bila kumiliki jengo zima. Mwenye hati hiyo anakuwa na vitu viwili visivyotenganishwa: vyumba vyake mwenyewe, na fungu lake katika maeneo ya pamoja, yaani ngazi, paa, korido, lifti, maegesho, mabomba makuu, uzio na kibanda cha mlinzi. Maeneo hayo yanasimamiwa na umoja wa wamiliki, kwa kanuni walizojiwekea na kwa michango wanayotoa, yaani ada ya huduma. Wenzetu wa Kenya waliandika upya sheria yao ya aina hiyo mwaka 2020, na mnunuzi wa Kisumu leo anakabiliwa na maswali yale yale ya mnunuzi wa Mwanza. Anayenunua apatimenti anaingia katika ubia, na wabia wake hakuwachagua yeye.

Nitoe mfano wa pampu ya maji. Jengo letu liko mteremkoni. Maji ya mamlaka hufika kwenye tangi la chini, na kutoka hapo husukumwa hadi kwenye matangi ya juu ya paa. Pampu ilipoanza kutoa sauti ya chuma kinachosuguana, fundi aliifungua, akatuonyesha beringi iliyolika, akashauri ibadilishwe mara moja na inunuliwe pampu ya pili ya akiba. Tukaitana. Waliofika ni wakazi wachache tulioketi kwenye viti vya plastiki pale maegeshoni; wengine walijibu kwa simu kwamba pampu ya akiba si lazima, ada isipande, beringi ibadilishwe basi. Miezi michache baadaye pampu iliungua kabisa, na waliopandisha ndoo hadi ghorofa ya nne ni sisi wakazi pamoja na wapangaji wa wale waliopiga kura kwa simu. Mama mmoja mpangaji, mjamzito, alikuwa akipumzika kila ngazi inapokata kona, ndoo mkono mmoja, mkono mwingine ukutani. Mwenye apatimenti yake si mtu mbaya. Alikuwa mbali tu, na kodi ya miezi sita alikuwa ameshaipokea.

Mwekezaji akiongezewa ada ya huduma, faida yake ya mwezi huo inapungua, kwa sababu kodi aliyokubaliana na mpangaji haipandi katikati ya mkataba. Mkazi akiongezewa ada hiyo hiyo, inamrudia kwa njia ya maji yanayotoka bombani, taa za ngazi zinazowaka na geti lenye mlinzi. Paa likianza kuvuja, mwekezaji anaweza kuuza na kupeleka fedha zake kwenye ng'ombe, mabasi au viwanja. Mkazi ana watoto walioandikishwa shule ya karibu na mkopo alioupanga kulingana na mshahara wake. Haya hayamfanyi mmoja kuwa bora kuliko mwingine. Yanaeleza tu kwa nini katika mkutano mmoja watu wawili wenye akili timamu, wakitazama fundi mmoja na beringi moja, wanafikia uamuzi unaopingana.

Lakini wawekezaji hawafanani, na hapa mnunuzi asifanye haraka. Yupo anayepangisha kwa mwaka au miaka kadhaa kwa familia, kwa muuguzi wa Bugando, kwa mhadhiri wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe au kwa mfanyakazi wa benki. Huyo ana haja karibu sawa na ya mkazi, kwa sababu mpangaji mzuri hakai mahali ambapo maji yanakatika. Yupo anayepangisha kwa siku kwa wageni, hasa kwenye majengo yanayotazama ziwa kuanzia Capri Point hadi Bwiru. Katika jengo la namna hiyo watu wageni wana namba ya siri ya geti, masanduku yanaburutwa kwenye korido usiku wa manane, na mlinzi hajui tena nani ni wa humu na nani si wa humu. Sheria haimkatazi mtu kupokea mgeni kwake, kwa hiyo kinga ya mkazi iko katika kanuni za jengo: je, zinaweka muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kwa mkataba wa upangaji, na je, zinamtaka mwenye apatimenti awajibike kwa fujo na uharibifu wa wageni wake? Kama kanuni hazisemi kitu, ujue kwamba apatimenti ya jirani yako inaweza kugeuka nyumba ya wageni wakati wowote.

Yupo pia anayenunua na kufunga. Apatimenti yake ni akiba ya fedha. Hakuna mpangaji, hakuna pazia, hakuna kelele. Watu wengi hudhani huyo ndiye jirani bora, na mimi siafiki. Bomba likipasuka ndani ya vyumba vilivyofungwa, maji hushuka kwenye dari ya aliye chini kwa siku nzima wakati ufunguo unatafutwa kwa simu mikoani, na ada ya mtu ambaye hatumii chochote huwa ya kwanza kucheleweshwa, kwa hoja kwamba hakupanda lifti wala hakumtuma mlinzi. Hoja hiyo haina msingi, maana paa na uzio vinalinda hata vyumba vitupu, lakini kila mwaka hurudi mezani.

Wa mwisho, ambaye namwogopa kuliko wote, ni mwendelezaji milki aliyejenga jengo na kubaki na apatimenti nyingi ambazo hazikuuzika au alizoamua kupangisha mwenyewe. Tuseme jengo lina apatimenti 40. Mwendelezaji amebaki na 15. Wamiliki wengine 15 wako mbali, na wamempa meneja wa jengo, ambaye ni mwajiriwa wa mwendelezaji huyo huyo, idhini ya maandishi ya kupiga kura kwa niaba yao. Kura 30 kati ya 40 zimeshaingia mfuko mmoja kabla mkutano haujafunguliwa, na wakazi kumi waliobaki wanaweza kuzungumza hadi jioni bila kubadilisha hata rangi ya geti. Mwendelezaji huyo ndiye anayeipa kampuni ya usafi kazi, ndiye anayeweka kiwango cha ada, na akiwa na deni la ada kwa zile 15 zake, ndiye anayepaswa kujidai mwenyewe. Katika jengo la hivyo sitamshauri mtu anunue kwa ajili ya kuishi, hata bei ikiwa nafuu kiasi gani.

Mnunuzi atajuaje, wakati muuzaji atamwambia kwamba wakazi ni wengi? Asitegemee maneno, aende mwenyewe, na asiende Jumamosi mchana pekee. Aende siku ya kazi kati ya saa moja na saa tatu usiku, asimame ng'ambo ya barabara, ahesabu madirisha yenye taa. Aende tena alfajiri watoto wanapopelekwa shule. Atazame milango: penye wakazi wa kudumu pana kitambaa cha kufutia miguu, viatu vya watoto, ndoo ya maua kwenye baraza, kanga kwenye kamba. Penye kupangishwa kwa siku, mapazia ni ya rangi moja katika madirisha mengi na mlango una kitasa cha namba. Chini ya ngazi hupatikana ubao wa mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla. Kila mita ina taa ndogo inayopepesa kadiri umeme unavyotumika, na saa mbili usiku mtu anayesimama pale dakika chache ataona wazi zipi zinapepesa kwa kasi na zipi zimelala. Kisha azungumze na mlinzi na mwenye duka la jirani, ambao wanajua nani anahamia na nani anahama kuliko meneja yeyote.

Kule Marekani, ambako biashara ya apatimenti ni ya miaka mingi, kazi hii hufanywa kwa sehemu kubwa na wakopeshaji. Shirika la serikali yao linalodhamini mikopo ya nyumba, FHA, limekuwa likitumia kipimo cha jumla kwamba angalau asilimia 50 ya apatimenti katika jengo ziwe za wamiliki wanaoishi humo, na limeruhusu kiwango hicho kushuka hadi asilimia 35 kwa majengo ya zamani yenye hesabu imara. Limeangalia pia madeni: apatimenti zilizochelewesha ada kwa zaidi ya siku 60 zisizidi asilimia 15. Hapa kwetu Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba mwaka ule ule wa 2008, na mabenki yanayotoa mikopo hiyo yapo, lakini wengi bado tunanunua kwa fedha taslimu, za kiinua mgongo, za mauzo ya shamba au za ndugu waliochangiana. Anayenunua kwa taslimu hana afisa wa benki wa kumkagulia jengo, kwa hiyo ukaguzi huo wote unabaki juu yake.

Hata hivyo, sitaki msomaji aichukue asilimia 50 kama mstari kati ya jengo jema na jengo baya. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021 ghorofa la Champlain Towers South katika mji wa Surfside, jimbo la Florida, liliporomoka na kuua watu 98. Mhandisi alikuwa ameandika tangu mwaka 2018 kwamba zege lilikuwa limeharibika vibaya katika sehemu kadhaa, na wamiliki walibishana kwa muda mrefu kuhusu michango ya ukarabati, iliyofikia takribani dola milioni 15. Miongoni mwa wamiliki wale walikuwemo waliokuwa wakiishi humo humo. Uchunguzi wa chanzo cha kuporomoka ni kazi ya wahandisi. Mimi nachukua jambo moja tu, kwamba hata mkazi anaweza kuukimbia mchango hadi ukawa mkubwa usiobebeka. Idadi ya wakazi inaonyesha mwelekeo wa kura, lakini hali halisi ya jengo inaonekana kwenye mfuko wa akiba, yaani fedha zinazowekwa kwa ajili ya matengenezo makubwa ya baadaye.

Kwa hiyo mnunuzi aombe karatasi, na aziombe kabla ya kulipa malipo ya awali, maana baada ya hapo anayeomba huwa yeye na anayekataa huwa muuzaji. Aombe hesabu za umoja wa wamiliki za miaka mitatu, mihtasari ya mikutano, kanuni za jengo, orodha ya madeni ya ada hata kama majina yamefichwa, na taarifa ya benki inayoonyesha salio la mfuko wa akiba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mali inayothibitisha hilo haraka kuliko ghorofa lenye wamiliki arobaini. Katika mihtasari, atazame idadi ya waliohudhuria na jambo gani linaahirishwa mwaka hadi mwaka. Katika kanuni, atafute namna kura zinavyohesabiwa, kama ni kwa mmiliki au kwa ukubwa wa sehemu, na mtu mmoja anaweza kubeba idhini za watu wangapi. Aende pia ofisi ya Msajili wa Hati afanye upekuzi, ahakikishe kwamba hati ya sehemu ipo kweli na haina rehani ya benki. Jengo ambalo hati zake za sehemu hazijatoka, na wanunuzi wanashikilia mikataba ya mauzo tu, bado liko mikononi mwa mwendelezaji hata kama funguo zimeshagawiwa.

Kuhusu akiba, hesabu yake si ngumu. Lifti kwa kawaida hudumu miaka 20 hadi 25 kabla ya kuhitaji kubadilishwa au kufanyiwa ukarabati mkubwa. Tuseme jengo lina apatimenti 30 na kazi hiyo itagharimu shilingi milioni 90. Kila apatimenti itadaiwa milioni tatu. Ikigawanywa kwa miezi 240 ya miaka ishirini, ni shilingi 12,500 kwa mwezi, ambazo hakuna mkazi wala mwekezaji atakayeshindwa kuzitoa. Zisipokusanywa, siku lifti inapokufa mkazi mstaafu aliye ghorofa ya sita anaambiwa alete milioni tatu ndani ya mwezi, wakati wawekezaji watatu au wanne wameshauza na kuondoka. Ada ndogo inayotangazwa na muuzaji kama kivutio mara nyingi ina maana kwamba fungu la lifti, paa na rangi ya nje halijawekwa kabisa. Ningemshauri mtu anunue katika jengo lenye ada ya juu na akiba benki kuliko katika jengo lenye ada ya chini na daftari tupu.

Yapo pia maswali ya hapa kwetu ambayo mnunuzi wa mji mwingine asingeyauliza. Mwanza ni mji wa mawe, na pale ambapo mtandao wa majitaka haujafika, kuchimba shimo kubwa la majitaka ndani ya mwamba ni ghali, hivyo baadhi ya wajenzi huchimba dogo na kutegemea gari la kunyonya. Vyumba vilivyohesabiwa kwa familia ya watu watano vikipangishwa chumba kwa chumba kwa wanafunzi tisa, shimo hujaa mapema, na gharama ya gari inagawanywa kwa wote, pamoja na yule anayeishi na mkewe tu. Kanuni ziseme idadi ya juu ya wakaaji kwa kila apatimenti. Uliza pia kuhusu mita ya umeme ya maeneo ya pamoja, nani anainunulia umeme na kwa fedha zipi. Nimeona ngazi zikikaa gizani kwa siku tatu kwa sababu mweka hazina alikuwa safarini na wengine wakangojeana. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, uliza mita ipi inabeba kodi hiyo na kama wamiliki wanarudishiana ilivyo haki.

Kwa jengo la ufukweni kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020, na tena 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuingia katika majengo ya ufukweni. Mwekezaji anaweza kukubali hatari hiyo kwa sababu anahesabu kurudisha fedha zake katika miaka michache ya wageni; mwenye kuishi humo hana hesabu ya kumtoa. Akapime umbali, na aulize kama kuna kibali kinachohusu mazingira, tena aulize kwenye ofisi yenyewe, asiishie kwa muuzaji.

Baada ya kusema yote haya, naomba nisieleweke kwamba nawakataa wawekezaji au wapangaji. Majengo mengi yasingejengwa bila fedha za wawekezaji. Miongoni mwa wamiliki walio mbali wapo wanaolipa ada siku ile ile ya kila mwezi kwa maagizo ya benki, na miongoni mwa wakazi wapo wanaotaka wapewe heshima ya umiliki huku wakidaiwa ada za mwaka mzima. Wapangaji wengine ni majirani ambao ningependa wasihame kamwe: ndio wanaofahamu pampu inalia vipi, ndio wanaomfungulia mlango fundi. Kwa sababu hiyo naamini kanuni za kila jengo zinapaswa kumruhusu mpangaji ahudhurie mkutano na kusema, hata kama kura inabaki kwa mwenye hati. Katika jengo letu tulianza kuwaalika baada ya tukio la pampu, na mkutano uliofuata ulikuwa wa kwanza ambao mmiliki aliyeko mbali alimsikia mpangaji wake mwenyewe, kwa sauti, akieleza hali ya ngazi. Pampu ya akiba ilinunuliwa.

Jengo lenye wawekezaji wengi linaweza kumfaa mkazi ikiwa wawekezaji hao ni wengi na wadogo, kila mmoja na moja au mbili, hakuna anayekusanya kura za wengine, ada zinalipwa, akiba ipo, upangaji ni wa muda mrefu, na kamati ya uongozi ina angalau wakazi wawili watatu wanaoweza kutia saini hundi ya fundi bila kungoja mtu wa mbali. Likikosa moja kati ya hayo, mnunuzi ajadili bei. Likiwa na mmiliki mmoja mwenye kura nyingi, aendelee kutafuta, hata kama dirisha linatazama machweo ya ziwa.

Ninaloomba kwa Wizara ya Ardhi na kwa halmashauri zetu mbili, ya Jiji la Mwanza na ya Manispaa ya Ilemela, ni kwamba mwendelezaji yeyote anayeuza apatimenti atakiwe kumpa kila mnunuzi, kwa maandishi na kabla ya kupokea fedha, mambo manne: idadi ya apatimenti alizobaki nazo yeye na kampuni zake, idadi ya zinazopangishwa kwa muda mfupi na kwa muda mrefu, kiasi cha ada zilizochelewa, na salio la mfuko wa akiba. Habari hizo zote meneja wa jengo anazo katika kompyuta yake, na kuziandika kunahitaji ukurasa mmoja. Na kwako Mhariri, gazeti lako linapochapa matangazo ya apatimenti, ningeshukuru kama waandishi wako wangewauliza wauzaji hao maswali hayo hayo manne na kuchapa majibu yao, au kuchapa kwamba walikataa kujibu.

Wako mtiifu,
Mmiliki Mkazi,
Ilemela, Mwanza.